Kamera Moja, Majina Matatu: Kisa cha Msambazaji wa Hansa Canon

Kisa chenyewe na sababu ya kukichambua

Mfanyabiashara aliyewahi kuchukua bidhaa ya karakana ndogo, akaiingiza sokoni chini ya jina lake mwenyewe, kisha akashuhudia mtengenezaji akikua hadi kutomhitaji tena, atayatambua mambo mengi katika kisa hiki. Kinahusu Omiya Shashin Yohin, kampuni ya Kijapani iliyouza vifaa vya picha kwa jumla, na uamuzi wake wa kati ya mwaka 1935 na 1936 wa kuwa msambazaji wa kamera ya kwanza ya kampuni ambayo leo dunia nzima inaiita Canon. Alama ya biashara ya Omiya ilikuwa Hansa. Neno hilo lilichongwa juu ya kamera, likatangulia jina la Canon katika matangazo, na hadi leo wakusanyaji wa kamera za kale huiita Hansa Canon.

Kampuni zinazotajwa hapa, pamoja na waanzilishi wake, ni sehemu ya historia iliyokwisha kuandikwa, ndiyo maana majina yao hayakufichwa. Watu wengine wote, wawe makarani, mafundi au wanunuzi, wanatajwa kwa kazi zao tu.

Usuli: nguvu ya mwenye duka la jumla

Uamuzi wa Omiya hauwezi kueleweka bila kwanza kuelewa ni nani aliyeshika usukani wa biashara ya picha nchini Japani katika miongo iliyotangulia. Hakuwa mtengenezaji, kwa sababu watengenezaji wa maana walikuwa wachache mno. Alikuwa mwagizaji na muuzaji wa jumla. Asanuma Shokai ilianza biashara ya vifaa vya picha mwaka 1871. Miaka miwili baadaye Rokusaburo Sugiura, aliyekuwa akifanya kazi katika duka la dawa la Konishiya mjini Tokyo, alianza kuuza vifaa vya picha na vya uchapaji wa mawe ndani ya duka hilohilo, na biashara yake ikahamia Nihonbashi na kujulikana kama Konishi Honten. Katika zama hizo upigaji picha ulikuwa kazi ya kemikali kwa sehemu kubwa, kwa hiyo haishangazi kwamba ulipata makazi kwa muuza dawa.

Nyumba hizi mbili ziliagiza mabamba, karatasi, lenzi na kamera kutoka Ulaya na Marekani, zikazisambaza kwa wapiga picha na maduka ya mikoani. Konishi Honten ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1902 ilianzisha kiwanda kilichoitwa Rokuosha, na mwaka 1903 ikatoa kamera ndogo ya mkononi iliyoitwa Cherry, ambayo huhesabiwa kuwa kamera ya kwanza ya Kijapani kuuzwa kwa jina lake maalumu. Mwaka 1923 ilianzisha hata shule ya upigaji picha, ambayo baada ya mabadiliko mengi ndiyo Tokyo Polytechnic University ya sasa. Kwa upande wake, Asanuma ilikuwa mlango wa sokoni kwa watengenezaji wengine. Kazuo Tashima, aliyeanzisha mwaka 1928 kampuni iliyokuja kuitwa Minolta, alipitisha kamera zake kwa Asanuma.

Mpangilio huo ulikuwa na mantiki. Fundi mwenye karakana ya watu wachache hakuwa na wachuuzi wa kuzunguka Osaka, Nagoya na Fukuoka, hakuwa na katalogi, wala hakuwa na jina ambalo mwenye duka la rejareja angelikubali kulifungia fedha zake. Muuzaji wa jumla alikuwa na vyote hivyo. Malipo aliyoyataka, mbali na faida, mara nyingi yalikuwa kwamba bidhaa ibebe chapa yake.

Omiya ilifanya kazi katika mazingira hayo, ikiuza vifaa mbalimbali vya picha chini ya chapa ya Hansa. Haikuwa na umri wala ukubwa wa Konishi au Asanuma, na kwa maoni yangu hilo ndilo lililoifanya iwe tayari kusikiliza karakana ambayo haikuwa na hata bidhaa moja sokoni.

Hatua ya kwanza: karakana ya Roppongi

Mwezi Novemba 1933, katika chumba cha jengo la kupangisha eneo la Roppongi, Tokyo, ilianzishwa Seiki Kogaku Kenkyujo, yaani maabara ya vyombo vya kioo na nuru vya usahihi. Waanzilishi walikuwa Goro Yoshida, fundi aliyezoea kukarabati kamera za sinema na projekta, na shemeji yake Saburo Uchida, aliyetoka katika biashara ya hisa. Aliyekuwa msaidizi wa Uchida, Takeo Maeda, alijiunga nao, na rafiki yao Takeshi Mitarai, daktari wa magonjwa ya wanawake na uzazi, alisaidia kwa fedha.

Lengo lao lilikuwa moja: kutengeneza Japani kamera ya filamu ya milimita 35 inayofanana na Leica ya Ujerumani. Leica ilikuwa imeingia sokoni mwaka 1925, na toleo la mwaka 1932 lilikuwa na kipima umbali kilichounganishwa na lenzi, hivyo mpiga picha aliweza kulenga na kurekebisha ukali wa picha kwa wakati mmoja. Kwa Mjapani wa kawaida, kamera hiyo ilikuwa ya kuangaliwa dirishani tu. Leica ya daraja la juu pamoja na lenzi ya Summar iliuzwa yen 420, ilhali mhitimu wa chuo kikuu aliyeajiriwa na benki kubwa alianza kwa mshahara wa takriban yen 70 kwa mwezi. Yoshida alieleza baadaye kwamba aliifungua Leica kipande kwa kipande akakuta shaba, alumini, chuma na mpira, bila kito chochote cha thamani ndani yake, na alikasirika kuona vitu vya kawaida namna hiyo vikikusanywa na kuuzwa kwa bei kubwa kiasi kile.

Mwezi Juni 1934 jarida la Asahi Camera lilichapisha tangazo la kamera iliyoitwa Kwanon, jina lililotokana na Kannon, bodhisatwa wa huruma katika Ubudha. Tangazo liliiweka kamera hiyo katika safu moja na nyambizi na ndege za kivita za Japani kama vitu bora duniani. Kamera yenyewe haikuwa tayari. Kilichokuwepo ni vielelezo vya majaribio. Kabla mwaka haujaisha Yoshida aliondoka, na karakana ikabaki na wazo, deni la ahadi kwa wasomaji wa jarida, na mambo matatu iliyoyakosa: lenzi, fedha, na mtu wa kuuza.

Hatua ya pili: lenzi ya mwingine, hataza za wengine

Lenzi zilitoka Nippon Kogaku, kampuni iliyoundwa mwaka 1917 kwa mtaji wa kundi la Mitsubishi na kutegemea sana kazi za jeshi la majini. Kampuni hiyo ilikuwa ikitafuta kazi za kiraia, na ombi la karakana ya Roppongi liliifaa. Mgawanyo wa kazi uliofikiwa unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndio ulioamua mengi yaliyofuata. Nippon Kogaku ilichukua lenzi, ambayo ni Nikkor ya milimita 50 yenye upenyo wa f/3.5 (namba hiyo ikiwa ndogo, nuru inayopita ni nyingi), pamoja na kishikio cha lenzi, kitazamio, yaani kidirisha cha kulengea picha, na mfumo wa kipima umbali. Karakana ilichukua mwili wa kamera pamoja na shata ya pazia, yaani pazia linalofunguka na kujifunga mbele ya filamu ili kuingiza nuru kwa muda maalumu, na kazi ya kuunganisha kila kitu. Kwa maneno mengine, karibu kila sehemu iliyopitisha nuru ilikuwa ya mwingine.

Hataza za Wajerumani, yaani haki zao za uvumbuzi zilizosajiliwa, nazo ziliathiri umbo la kamera. Kitazamio kiliwekwa ndani ya kisanduku kinachoruka juu kikibonyezwa, na kihesabu picha kikahamishiwa mbele ya mwili wa kamera, ili kuepuka kugusa yaliyokwisha kusajiliwa. Shata ilifanya kazi kuanzia 1/20 hadi 1/500 ya sekunde, bila kasi ndogo, za kuiacha wazi kwa muda mrefu zaidi, ambazo Leica ya daraja la juu ilikuwa nazo.

Wakati huohuo karakana ilifanya jambo lililoonekana dogo. Tarehe 26 Juni 1935, miezi kadhaa kabla ya kamera yoyote kuuzwa, iliomba kusajili alama ya biashara ya Canon. Jina la Kwanon liliachwa. Jina jipya lilikaribiana nalo kwa sauti, lakini halikuelemea imani ya dini yoyote na lingeweza kusomwa na mnunuzi wa nchi yoyote.

Hatua ya tatu: mkataba na Omiya

Mambo yalipofika hapo, karakana ilikuwa na kamera inayoweza kutengenezwa kwa idadi ndogo, na jina lililo njiani kusajiliwa. Haikuwa na duka. Uuzaji ulikabidhiwa Omiya Shashin Yohin, na kwa makubaliano hayo neno Hansa lilichongwa juu ya kamera. Kwa mujibu wa kumbukumbu za Canon yenyewe, kamera ilitoka sokoni Februari 1936 kwa bei ya yen 275 pamoja na lenzi.

Ukiwa na kamera hiyo mkononi unaona majina matatu ya wenyewe watatu: Hansa la msambazaji, Canon la waunganishaji, na Nikkor la mtengenezaji wa lenzi. Zipo pia kamera chache za aina hiyohiyo zisizo na neno Hansa, ambazo karakana iliziuza yenyewe. Kwa mchambuzi wa leo, kuwepo kwa kamera hizo ni ushahidi kwamba hata ndani ya mkataba mtengenezaji hakuufunga kabisa mlango wake mwenyewe.

Kwa nini kila upande ulikubali

Kwa upande wa karakana hapakuwa na chaguo lililo bora zaidi. Kufungua maduka kungelihitaji mtaji uliokuwa ukihitajika kwenye mashine. Kwenda kwa Konishi kungelimaanisha kupeleka bidhaa kwa mtu ambaye tayari alikuwa na kiwanda na kamera zake. Kuchongwa kwa jina la msambazaji hakukugharimu fedha taslimu, na kwa kampuni changa kila gharama isiyodai fedha taslimu huonekana nafuu.

Kwa upande wa Omiya hesabu ilikuwa tofauti lakini nayo ilikuwa nzuri. Kamera ya Kijapani ya milimita 35 yenye shata ya pazia haikuwepo sokoni. Aliyeishika ya kwanza angelikuwa na bidhaa ambayo wapinzani wake wakubwa hawana, na kila mpenda picha aliyeingia dukani kuiulizia angeliona jina la Hansa, ambalo tayari lilikuwa kwenye vifaa vingine vya bei ndogo. Kamera ya yen 275 ilikuwa na uwezo wa kupandisha hadhi ya rafu nzima. Zaidi ya hayo, wasomaji wa majarida walikuwa wamekwisha kusikia habari za kamera hiyo tangu tangazo la 1934, hivyo sehemu ya kazi ya kuamsha hamu ilikuwa imefanywa na mwingine.

Wakati wanatia saini, kila mmoja alipata alichokihitaji. Tofauti ilikuwa katika muda ambao kile alichokipata kingeendelea kuwa na thamani.

Matokeo

Kamera iliuzwa, ila kwa idadi ndogo. Makadirio ya watafiti wa kamera za kale huweka jumla ya Hansa Canon zote kwenye takriban 1,100. Ilikuwa kazi ya mikono, na kasi ya uzalishaji haikuweza kulisha mtandao wa nchi nzima.

Karakana hata hivyo ilikua. Mwaka 1936 ilihamia Meguro, na tarehe 10 Agosti 1937 ikawa kampuni ya hisa yenye mtaji wa yen milioni moja, kwa jina la Seiki Kogaku Kogyo. Vita na China vilivyoanza Julai mwaka huohuo vilileta udhibiti mkali wa bidhaa zitokazo nje, na kamera za kigeni zikawa adimu. Kampuni ilitoa matoleo mapya mwaka 1939, likiwemo la bei nafuu zaidi na lingine lililoongezwa kasi ndogo za shata, yote kwa jina la Canon bila Hansa. Mwaka 1940 ilitengeneza kamera ya kupiga picha za eksirei kwa njia isiyo ya moja kwa moja, kazi ambayo haikupitia kwa muuzaji yeyote wa vifaa vya wapenda picha. Mwaka 1942 daktari Mitarai akawa rais wa kampuni.

Baada ya vita, mwaka 1947, kampuni ilibadilisha jina lake ikaitwa Canon Camera, ili jina la mlangoni na jina la kwenye bidhaa liwe moja. Omiya iliendelea na vifaa vyake vya Hansa. Kamera iliyolipa jina hilo nafasi katika historia ilikuwa imekwisha kuondoka mikononi mwake.

Uchambuzi: yaliyofanikiwa

Usambazaji wa Omiya ulitimiza kazi yake ya msingi, nao hauna budi kupewa haki yake, kwa sababu historia za kampuni kubwa huwa na tabia ya kumsahau aliyewashika mkono mwanzoni. Mwenye duka wa mkoani ambaye asingelipokea kamera kutoka chumba cha kupangisha cha Roppongi aliweza kuipokea kutoka kwa muuzaji wa jumla aliyemzoea, ambaye alikuwa na anwani ya kurudishia kamera mbovu na hesabu ya muda mrefu kati yao. Uaminifu huo ulikopeshwa kwa karakana. Bila mkopo huo sioni ni kwa njia gani kamera ya kwanza, iliyokuwa na kitazamio cha ajabu na isiyo na kasi ndogo, ingelifika kwa wanunuzi wa kutosha kuiwezesha kampuni kufika mwaka 1937.

Bei pia ilipangwa kwa busara, ingawa si kwa namna inayosimuliwa mara nyingi. Kulinganisha yen 275 na yen 420 si haki kamili, kwa kuwa Leica ile ilikuja na lenzi ya f/2 inayopitisha nuru mara tatu ya ile ya f/3.5, na shata yake ilikuwa na uwezo zaidi. Yen 275 bado ilikuwa karibu mishahara minne ya mhitimu wa benki. Mafanikio yalikuwa kumpa mnunuzi uwezo uleule wa msingi, yaani kipima umbali kilichounganishwa na kamera inayoingia mfukoni, kwa bei ambayo mtu mwenye kipato kizuri angeweza kuidunduliza.

Uamuzi uliozaa zaidi kuliko yote ni usajili wa alama ya Canon kabla ya kumtafuta muuzaji. Karakana nyingi za wakati huo zilipeleka kamera zisizo na jina, msambazaji akazipa jina lake, na siku alipobadilisha mtengenezaji mnunuzi hakujua kwamba kuna lililobadilika. Seiki Kogaku ilifika mezani ikiwa na jina lake tayari. Omiya iliweza kutangulizwa, lakini haikuweza kulifuta wala kulimiliki jina lililofuata, na kila tangazo lililolipiwa kuitangaza Hansa Canon lilijenga pia alama ya mwenzake.

Uchambuzi: yaliyoshindikana

Hapo ndipo ulipo udhaifu wa Omiya. Iliweka jina lake juu ya bidhaa ambayo haikumiliki chanzo chake chochote: si kiwanda, si hataza, si alama ya biashara, na kwa kadiri historia inavyoonyesha, si hisa zenye uzito katika kampuni iliyoitengeneza. Tofauti na Konishi inajieleza. Konishi nayo ilianza kama muuzaji, lakini ilipotaka kamera yenye jina ilijenga Rokuosha kwanza, hivyo jina la Cherry na chapa ya Sakura iliyokuja kutumika kwa karatasi na filamu zake vilibaki mali yake. Nyumba hiyo iliendelea kuuza kamera kwa zaidi ya karne moja, hadi Konica Minolta ilipojiondoa katika biashara ya kamera mwaka 2006. Omiya ilichagua njia ya haraka, na njia hiyo ilidumu muda uleule ambao mtengenezaji aliihitaji.

Je, ingeliweza kufanya vinginevyo? Naamini ndiyo, na wakati wake ulikuwa kati ya 1935 na 1937. Karakana ilikuwa na njaa ya mtaji. Badala ya kudai jina pekee, au juu ya jina, msambazaji angeliweza kudai sehemu ya umiliki. Kampuni ya hisa ilipoundwa Agosti 1937, daktari wa uzazi aliyetoa fedha kwa urafiki alikuwa na nafasi kubwa zaidi ndani yake kuliko mfanyabiashara aliyekuwa akiiuza kamera kila siku. Baada ya hapo nafasi ilifungwa.

Kosa la pili lilikuwa la pande zote mbili, nalo ni la idadi. Haki ya usambazaji ina thamani pale mzigo unapopatikana. Kamera zipatazo 1,100 zikigawanywa kwa miaka ya uhai wa toleo hilo ni chache mno kwa mwezi kwa nchi nzima, na muuzaji wa rejareja aliyeahidiwa kisha akasubiri hujifunza kumpelekea mteja wake bidhaa nyingine.

Udhaifu wa mwisho ulikuwa wa karakana yenyewe, nao ulichelewa kuonekana. Wakati jina la msambazaji liliondoka kwa urahisi, jina la Nikkor halikuondoka hivyo, kwa sababu lilikuwa limeshikana na kioo. Kampuni ilianza kutengeneza lenzi zake mwishoni mwa miaka ya 1930, na hata hivyo baadhi ya kamera zake za mara baada ya vita bado zilitoka na lenzi za Nikkor, hadi lenzi zake za Serenar zilipochukua nafasi. Mwaka 1948 Nippon Kogaku, ikiwa na ujuzi wa kipima umbali na vishikio vya lenzi iliojenga kwenye kamera ya mwingine, ilitoa kamera yake ya kwanza kwa jina la Nikon. Mtu wa karibu aliyegeuka mshindani hakuwa msambazaji ambaye jina lake lilisomeka wa kwanza juu ya kamera. Alikuwa mtoa lenzi.

Inaelekea Canon ilibaki na kumbukumbu ya mambo haya yote ilipoanza kuuza nje. Mwaka 1951 ilikabidhi usambazaji wa ng'ambo kwa kampuni ya biashara ya Uingereza, Jardine Matheson, lakini mwaka 1955 ikafungua ofisi yake New York, na mwaka 1957 ikaunda Canon Europa mjini Geneva kuwa msambazaji wake pekee wa Ulaya, safari hii chini ya jina lake yenyewe.